Majina ya prosesi za draiva: tuliyoyapata kwenye kiwanda cha barafu Pemba

Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu wa Unguja na Pemba ambao siku hizi wanapewa kazi za kufunga bodi ndogo za Linux kwenye pampu za maji, vyumba vya baridi na majenereta ya mahoteli, na wengine wanafika hadi kuandika draiva zao wenyewe. Kazi nzuri mashaallah, na mimi ndio inayonilisha. Lakini kuna jambo moja watu wanalipita mbio, nalo ni jina la prosesi (kazi inayoendelea ndani ya mashine) ambayo draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, inaianzisha ndani ya keneli, kiini cha Linux. Mtu anahangaika na kodi (maandishi ya programu) mpaka inakaa sawa, akifika pale pa kuweka jina anatia lolote linalomjia. Na jina hilo ndilo atakaloliona mtu mwengine saa nane ya usiku mashine imegoma, mtu ambae hana kodi mbele yake, ana skrini tu na mistari ya ps, amri ya kuorodhesha prosesi.

Kiwanda chenyewe kiko upande wa Wete, kidogo, cha mtu binafsi, kinatengeneza mapande ya barafu kwa wavuvi wanaotoka kutafuta jodari na nduaro. Kwa asiyejua, barafu ya mapande inafanywa hivi: kuna tangi kubwa la maji ya chumvi linapozwa mpaka kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi inayazuia yasigande, ndani yake yanatumbukizwa makopo marefu ya bati yenye maji matamu na hayo ndo yanayoganda. Kila kitu kinategemea joto la lile tangi. Kuna vipimajoto vitatu aina ya LM75, kimoja cha tangi, kimoja cha kompresa, kimoja cha chumba cha kuhifadhia, vyote vimeungwa kwenye njia moja ya I2C, nyaya ambazo bodi inazungumza nazo na vifaa vidogo (na vikuza mawimbi katikati, mana I2C si ya masafa marefu) mpaka kwenye bodi inayoendesha Linux, keneli 5.10. Milango miwili nayo ina swichi zinazoiambia bodi mlango ukiachwa wazi.

LM75 ina draiva yake tayari ndani ya Linux, na ukinisikiliza tumia hiyo hiyo. Fundi aliyefunga mfumo huu aliandika yake kwa sababu alitaka kusoma joto na kuendesha kompresa vikae pamoja ndani ya keneli. Alifanya kazi, akalipwa, akaenda zake bara, na mfumo ukafanya kazi vizuri kwa muda. Sie tuliurithi baadae, mimi na kijana mmoja ninaefanya nae kazi, tukapewa funguo, flashi yenye kodi na namba ya simu.

Siku ya kwanza kuingia kwenye ile bodi nilipiga ps -ef kama kawaida. Prosesi za keneli zinaonekana zimetiwa mabano ya mraba, na mzazi wao wote ni namba 2, yaani kthreadd. Ukizizoea unazisoma kama majina ya watu wa mtaani kwenu: ksoftirqd/0 hii ya CPU ya kwanza, kswapd0 hii ya kumbukumbu, jbd2 na jina la diski baada yake hii ya mfumo wa mafaili ya ext4 kwenye diski ile. Kila moja inakwambia kazi yake na inamfanyia nani. Halafu katikati yao mistari mitatu:

[barafu_kipimajo]
[barafu_kipimajo]
[barafu_kipimajo]

Kijana akauliza, "Dada, mbona hizi zimejirudia?" Hazikujirudia, ni prosesi tatu, moja kwa kila kipimajoto, na kwenye kodi zinaitwa barafu_kipimajoto_1, _2 na _3. Linux inaweka jina la prosesi kwenye nafasi ya baiti 16, na moja ni ya kumalizia, kwa hio unabakiwa na herufi 15. Hesabu wewe mwenyewe: barafu, mstari wa chini, halafu kipimajo, hapo 15 zishatimia. Ile namba ya mwisho, ambayo ndio tofauti pekee baina yao, inakatwa. Hakuna onyo, kodi inakompailika, moduli (faili la draiva) inaingia, jina linafupishwa kimya kimya.

Tuliona, tukasema tutalirekebisha tukipata nafasi. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na mwenye kiwanda hakutuita kwa ajili ya majina.

Kilichotokea baada ya hapo nitakieleza kwa urefu. Umeme ulikatika usiku ukarudi, bodi ikabuti (ikaanza upya), na ilipofika alfajiri joto la tangi kwenye skrini linasomeka nyuzi 9 chini ya sifuri, halipandi halishuki, kompresa imelala. Mlinzi anaona namba nzuri, anaridhika. Mwenye kiwanda ndie aliyetia mkono kwenye kopo akakuta barafu inalegea. Akapiga simu: "Mwanangu, wavuvi washafika na madeli yao, mie nna maji hapa." Ile namba ilikuwa ya zamani. Bodi ilikuwa imeacha kusoma vipimajoto vyote vitatu, inaonyesha ya mwisho iliyoipata, na kwa kuwa ya mwisho ilikuwa baridi ya kutosha, haikuona haja ya kuwasha kompresa.

Tulipofika tukaiwasha kompresa kwa mkono na kuwapa wavuvi kilichokuwemo, halafu tukakaa na bodi. Kwenye dmesg, logi ya keneli, kulikuwa na huu ujumbe ambao kila aliyefanya kazi na keneli anaujua, kwamba task barafu_kipimajo imezuiwa zaidi ya sekunde 120. Ujumbe huo unatolewa na prosesi nyengine ya keneli, khungtaskd, kazi yake ni kupita pita kuangalia nani amelala usingizi wa kutoamshwa, ule wa herufi D kwenye ps, bila kuamka hata mara moja kwa dakika mbili. Ikishaonya mara 10 kwa kawaida inanyamaza, kwa hio usipoangalia mapema unakuta logi imeshajaa mambo mengine.

Prosesi mbili ndo zilizotajwa kwenye logi, zote kwa jina moja. Tukadhani mbovu ni hizo mbili. Kumbe hizo mbili ndo zilizoonewa. Kwenye ile draiva kuna kufuli moja ambayo kila prosesi lazima ishike kabla ya kusoma. Kipimajoto kimoja kilikuwa hakijibu, prosesi yake ikashika kufuli, ikajaribu, ikakosa, ikalala kidogo kwa msleep, ikajaribu tena, bila kikomo na bila kuachia kufuli. Kwa kuwa inaamka amka, khungtaskd inaiona mzima. Wenzake wawili wanasubiri kufuli hawaamki kabisa, ndio wanaandikwa kwenye logi. Hili liweke akilini hata kama hutaki kusikia habari za majina: onyo la sekunde 120 mara nyingi linamtaja anaesubiri, na aliezuia hatajwi.

Tulilijua hili kwa kusoma /proc/212/stack (212 ni PID, yaani namba ya prosesi), ukiwa root, msimamizi wa mashine, inakuonyesha prosesi imekwama kwenye fanksheni gani ndani ya keneli. Namba 213 na 219 zilikuwa kwenye mutex (ile kufuli), namba 212 iko kwenye msleep. Basi mkosaji ni 212. Ukitaka zote kwa pamoja andika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, dmesg itakutolea zote zilizokwama.

Haya, 212 ni kipimajoto kipi? Jina halisemi. Kila aliekuwepo pale alitoa jibu lile lile, kwamba PID ndogo ndio iliyoanza, iliyoanza ndio namba 1, na namba 1 kwenye mchoro wa fundi ni tangi la maji ya chumvi. Inaingia akilini kabisa. Tukasimamisha kila kitu, tukatoa kipimajoto cha tangi, kebo yake imepita chini ya sakafu ya mbao ikabidi mbao zivunjwe, tukaweka kipya tulichokiagiza Unguja kwa ndege ya asubuhi. Tukabuti. Hali ile ile.

Mpaka hapo, ukijumlisha barafu iliyopotea, mauzo ya siku, kipimajoto, kebo, seremala na nauli, ilikuwa imeshapita laki nane, na kipimajoto tulichokitoa kilikuwa kizima. Mzee mwenye kiwanda hakugombana, alikaa tu kwenye kiti chake mlangoni anatuangalia, na kwangu mimi lile lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Kijana wangu alikuwa hasemi. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, manake kila tulichofanya kilikuwa na sababu, na taarifa tuliyoikosa ilikuwa ni herufi chache ambazo mashine inazijua tangu inabuti.

Baadae tukatumia njia ya kuondoa draiva kabisa. Moduli yenyewe ilikataa kutoka kwa rmmod, amri ya kuitoa, mana inasubiri prosesi zilizokwama zimalize, kwa hio ikabidi tuizuie isipandishwe wakati wa kubuti. Hapo ndo ukipiga i2cdetect -y 1, amri inayotafuta vifaa kwenye njia ya I2C, inakupa ukweli. Draiva ikiwa imeshika kifaa, i2cdetect inaandika UU kwenye anuani yake bila kuuliza kifaa kama kipo hai, watu wengi wanaona UU wanafurahi. Bila draiva tukaona 48 imejibu, 4a imejibu, 49 kimya. Tukafuata waya kwa waya, tukafungua visanduku, tukaangalia miguu A0, A1, A2 imeungwa vipi (LM75 inakubali anuani kuanzia 48 mpaka 4f kwa kubadilisha miguu hio). Namba 49 ni ya kompresa. Kebo yake imeliwa na hewa ya chumvi pale inapoingia kwenye kisanduku, ukiigusa inapukutika unga wa kijani.

Sasa kwa nini PID ndogo haikuwa ya tangi? Hapa ndo niliposoma kodi ile kwa utulivu. Kipimajoto cha tangi kinapata umeme wake kwenye regyuleta (kidhibiti umeme) yake peke yake, na bodi ikibuti ile regyuleta inachelewa kuwa tayari. Draiva ikiomba umeme ikaambiwa bado, keneli inakiweka kifaa pembeni na kukirudia baadae, hio ndio EPROBE_DEFER. Wakati huo kompresa inapita mbele inachukua namba 1, chumba kinachukua 2, tangi linakuja mwisho linachukua 3. Namba kwenye jina ilikuwa ni kihesabio tu, inaongezeka kila kifaa kinapopatikana. Kwa hio hata kama jina lisingekatwa, hata tungeona wazi barafu_kipimajoto_1, bado tungekwenda kuvunja mbao za tangi. Hili liliniuma zaidi ya ile habari ya herufi 15, na ndio sababu siwaambii watu "fupisheni majina" peke yake. Namba inayotokana na zamu ya kufika haimtambulishi mtu. Wale waliofanya kazi na seva za zamani wanakumbuka eth0 na eth1 zilivyokuwa zinabadilishana kadi ya mtandao ukibuti, mpaka systemd (programu inayoanzisha mfumo wa Linux) toleo la 197 mwaka 2013 ikaleta majina yanayofuata mahali kadi ilipo, kama enp3s0. Watu walilalamika majina mabaya, lakini seva yenye kadi nne unajua ipi ni ipi.

Nikaenda kutazama mambo mengine yanaitwaje kwenye draiva ile ile. Faili la moduli ni icectl-v2-final.ko, kwenye lsmod, orodha ya moduli zilizopanda, inaonekana icectl_v2_final kwa sababu keneli inageuza kistari kuwa mstari wa chini, kwa hio ukiitafuta kwa grep (amri ya kutafuta maneno) kwa jina la faili huipati. Jina la draiva ndani ya kodi ni temp-ctl. Prosesi ni barafu_kipimajo. Katizo (ishara zinazoiita keneli kitu kikitokea) za milango kwenye /proc/interrupts zote mbili zinaitwa button. Ujumbe wa kwenye dmesg unaanza na neno DEBUG basi. Ni kitu kimoja, kina majina matano, na hakuna hata moja litakalokupeleka kwenye jengine. Fundi yule hakuwa mbaya, kodi yake ya kuendesha kompresa ni safi kuliko nyingi nilizoziona. Kila jina alilitia siku yake, kwa haja ya siku ile.

Tukakaa kuziandika upya. Kwanza mzizi mmoja, mfupi, tukachagua joto. Moduli ni joto.ko, haina kistari wala mstari wa chini, kwa hio inaandikwa sawa kila mahali. Jina la draiva joto. Prosesi inaanzishwa hivi:

kthread_run(soma_joto, p, "joto/%s", dev_name(dev));

Hii dev_name ndio roho ya jambo zima. Ni jina ambalo keneli yenyewe imekipa kifaa, na kwa vifaa vya I2C linatengenezwa kwa namba ya njia na anuani: 1-0048, 1-0049, 1-004a. Anuani imeungwa kwa waya kwenye kisanduku, haijali nani kaamka kwanza. Sasa ps inaonyesha joto/1-0048, herufi 11, inaenea na nafasi inabaki. Ujumbe wote tukaugeuza kutoka printk kwenda dev_err na dev_info, ambazo zenyewe zinatanguliza jina la draiva na la kifaa, kwa hio kwenye dmesg unakuta "joto 1-0049: hakijibu". Na kwenye /sys/bus/i2c/devices kuna folda ya 1-0049 hio hio. Ukishika ncha moja unafika zote.

Halafu tukachukua rangi nyeupe ya boti tukaandika 1-0048, 1-0049, 1-004a kwenye visanduku vyenyewe, kwa herufi kubwa, na kwenye mchoro uliobandikwa ukutani. Mlinzi hajui I2C ni nini na hana haja, lakini sasa anaweza kunisomea skrini kwa simu na kwenda kusimama mbele ya kisanduku kinachohusika.

Milango ilikuwa na kasheshe yake. Prosesi ya katizo inapewa jina na keneli yenyewe kwa mtindo wa irq/, namba ya katizo, kistari, halafu jina ulilolipa wewe unapoomba katizo. Tuliwapa mlango-mbele na mlango-nyuma. Tukabuti tukaona irq/57-mlango-m na irq/58-mlango-n. Imetosheleza kwa bahati tu, mana herufi ya mwisho iliyobaki ndio ya kwanza inayotofautisha, ingekuwa mlango-kulia na mlango-kushoto zingefanana zote. Namba 57 na 58 usizitegemee, zinaweza kubadilika ukibadilisha keneli. Tukageuza, mbele-mlango na nyuma-mlango, kinachotofautisha kitangulie, kinachofanana kikatwe kikitaka. Haipendezi kuisoma, lakini irq/57-mbele-ml inaeleweka.

Tangu Linux 5.17 ya mwaka 2022 keneli inahifadhi jina refu la prosesi zake na /proc/PID/comm inalionyesha lote, kwa hio utasikia watu wakisema habari ya herufi 15 imekwisha. Haijakwisha. Mashine ikianguka, ule mstari wa Comm kwenye ripoti ya dmesg unatumia nafasi ile ile ya baiti 16, na ftrace, kifuatiliaji cha keneli, pia. Yaani pale unapolihitaji jina zaidi ndipo linapokatwa bado. Na bodi nyingi tunazoletewa huku zinakuja na keneli za zamani alizozitengeneza aliyeuza bodi, hazipandi toleo kirahisi.

Kitu chengine kilichowahi kutupoteza ni foleni za kazi, workqueue. Amri za kuwasha na kuzima kompresa zinapita kwenye foleni, na foleni hio ilikuwa imeombwa na WQ_MEM_RECLAIM, ambayo inazaa prosesi moja ya akiba yenye jina la foleni. Ukiangalia ps unaiona imekaa, haijatumia hata sekunde moja ya CPU, unasema foleni imekufa. Hio ni ya dharura tu, inaamka kumbukumbu ikibana. Kazi zenyewe zinafanywa na akina kworker ambao ni wa wote, leo anakufanyia wewe kesho diski. Tangu 4.18 keneli inatia jina la foleni nyuma ya jina la kworker, mfano kworker/0:1-kompresa, na ukiona alama ya kujumlisha badala ya kistari ujue anaifanya kazi hio sasa hivi. Kwa hio jina la foleni nalo liwe la maana, tulikuta linaitwa wq1 tukalibadilisha kuwa kompresa.

Na ile msleep. Prosesi zetu tatu zilikuwa zinalala usingizi wa D baina ya kusoma na kusoma, hata mashine ikiwa nzima. Linux inahesabu D kwenye mzigo wa mashine, kwa hio uptime ilikuwa inaonyesha mzigo wa karibu 3 siku zote, na CPU haifanyi kitu. Watu walishaizoea. Siku zilipokwama kweli, mzigo ukabaki 3 ile ile na herufi ni D zile zile, hakuna kilichobadilika machoni. Tukaibadilisha kuwa schedule_timeout_idle, sasa zikipumzika zinaonekana kwa herufi I na mzigo uko karibu na sifuri, D ikitokea ina maana. Na kufuli inaachiwa baada ya majaribio machache, kipimajoto kikifa kinakufa peke yake.

Nilipokuwa natafuta watu wengine wanafanyaje niliipenda sana QNX, mfumo mwengine wa kuendesha mashine. Kule draiva hazikai ndani ya keneli, ni prosesi za kawaida, na zimepewa utaratibu tangu zamani: devb- ni za diski, devc- ni za serial na konsoli, halafu jina la maunzi. Ukiona devb-ahci huulizi. Minix 3, ya Andrew Tanenbaum kule Amsterdam, nayo draiva ni prosesi za nje ya keneli, na kuna prosesi inayozifufua zikifa. Draiva ikifufuliwa inapata namba mpya, sasa wenzake wataijuaje? Kwa jina lake, kuna mahali pa kuhifadhi jina na namba yake ya sasa. Kule jina likikosewa mfumo wenyewe unapotea. Linux inakuachia uhuru, na uhuru huo ndio unaotuletea wq1.

Kuna faida nyengine ambayo sikuitegemea. Programu za wizi zinapenda kujipa jina la mabano kama [kworker/0:2] ili upite usizione. Kwenye mashine ambayo majina yana utaratibu, na unaijua kila moja iliyopo, la kigeni linajitokeza machoni mara moja. Ukishuku angalia mzazi, prosesi halisi ya keneli ni mtoto wa namba 2, na ls -l /proc/PID/exe haikupi faili lolote. Ikikupa faili, hio si ya keneli hata ijiite nani.

Mwisho kuhusu kubadilisha majina kwenye mashine ambayo tayari inafanya kazi, mana hapa tulipata mtihani mwengine. Kulikuwa na script ya kutuma SMS joto likipanda, na ilikuwa inahakikisha draiva ipo hai kwa kutafuta neno barafu_kipimajo kwenye ps. Tulipobadilisha jina ikaanza kumtumia mzee ujumbe kwamba draiva imekufa, kila baada ya dakika chache, usiku kucha, akanipigia sauti imekauka. Kabla hujagusa jina piga grep kwenye /etc yote na kwenye script zote, angalia /etc/modules-load.d na /etc/modprobe.d, sheria za udev (za vifaa), crontab (kazi za saa maalumu), na kama kuna mahali amri ya chrt inapandisha kipaumbele cha prosesi kwa jina. Badilisha vyote kwa siku moja mchana watu wapo, usifanye jioni ukaondoka. Na script ile hatukuiwekea jina jipya, tuliihamisha isome kwenye /sys/bus/i2c/devices/1-0048 moja kwa moja, kwa sababu jina la prosesi ni la macho ya binadamu, keneli haikuahidi mtu kwamba halitobadilika.